Lukmani: jina adimu ambalo kila mtu analijua

Hotuba kwa wazazi na wanaotarajia kupata watoto, Dar es Salaam

Shikamooni wazee wetu. Asalaam alaykum nyote, na kwa wasioitumia salamu hiyo, hamjambo.

Mmetuomba tuzungumze kuhusu majina ya watoto wa kiume. Badala ya kupita juujuu kwenye majina hamsini, tumeona tuchukue moja tulichimbe mpaka chini. Jina hilo ni Lukmani, la yule mwenye hekima anayetajwa katika Qurani. Tumelichagua kwa sababu hali yake si ya kawaida. Ukilitaja mbele ya watu, hakuna atakayeuliza ni jina gani hilo. Lakini ingia darasa lolote Mbagala au Manzese usikilize mwalimu anavyoita mahudhurio: akina Juma wapo, akina Ramadhani wapo, Abdallah na Omari wanafuatana, na Lukmani ama ni mmoja ama hayupo. Mzazi asiyetaka mwanawe agongane jina na nusu ya mtaa, na asiyetaka pia kumtwika jina la kulieleza maisha yake yote, hapa amepata. Tatizo lake kubwa ni moja, nalo ni tahajia. Huko tutakaa sana, maana ndiko watu wanakoumia.

Kwanza, uadimu wake umetoka wapi? Angalieni namna sisi watu wa pwani tunavyopata majina. Wengine wanayapata kwa siku na mwezi: wa Ijumaa ni Juma, wa Alhamisi ni Hamisi, halafu kuna Rajabu, Shabani, Ramadhani, na Haji kwa aliyezaliwa mwezi wa hija. Wengine kwa mitume: Musa, Isa, Yusufu, Ibrahimu, Idrisa, Selemani. Wengine kwa masahaba na jamaa wa Mtume: Omari, Athumani, Ali, Bakari, Hasani, Huseni. Kuna yale yanayoanza na Abdul, yenye sifa za Mwenyezi Mungu. Na juu ya yote hayo kuna kurithi, ambako ndiko kwenye nguvu kuliko kwingine kote: jina la babu linarudi kwa mjukuu, na mzee akikumbushia haki yake hakuna wa kumbishia.

Sasa Lukmani mtamweka wapi? Si siku wala mwezi. Kwa kauli ya wanazuoni walio wengi si nabii. Si sahaba. Halianzi na Abdul. Na kwa kuwa mababu wachache waliitwa hivyo, wajukuu wa kulirithi nao ni wachache. Kwa hiyo hufika kwenye familia kwa mlango mmoja tu, wa mtu aliyesoma au kusikia habari zake akaamua kwa makusudi kumpa mwanawe. Likishaingia, hapo ndipo kurithi kunapolishika: ukikutana na kijana Lukmani, muulize kwao, mara nyingi utaambiwa yuko babu au mjomba mwenye jina hilohilo. Nje ya ukoo wake lakini, kijana huyo anaweza kumaliza shule ya msingi bila kupata mtu wa kumwita somo. Kuna watoto wanaolipenda jambo hilo na kuna wanaolionea unyonge. Mzazi alijue mapema.

Habari zenyewe zinazolibeba jina ziko katika Qurani, sura ya 31, ambayo imeitwa kwa jina lake na ina aya 34. Jina limetajwa mara mbili tu, katika aya ya 12 na ya 13. Aya ya 12 inasema alipewa hekima na akaambiwa amshukuru Mwenyezi Mungu. Kuanzia aya ya 13 mpaka ya 19 ni mawaidha kwa mwanawe. Hapa kuna kosa linalorudiwarudiwa hata kwenye vikao vya akika: aya ya 14 na 15, zile za kuwatendea wema wazazi na za mtoto kuachishwa ziwa katika miaka miwili, huelezwa kama maneno ya Lukmani. Wafasiri wengi wanasema hayo ni maneno ya Mwenyezi Mungu mwenyewe, yameingia katikati ya mazungumzo ya baba na mwana. Maneno ya Lukmani yanaendelea kwenye aya ya 16, ile ya kitu chenye uzito wa chembe ya haradali kilichojificha ndani ya jabali. Ya 17 inaamrisha sala, kuamrisha mema, kukataza mabaya na kusubiri. Ya 18 inakataza kuwageuzia watu shavu na kutembea kwa maringo. Ya 19 inataka mwendo wa wastani na sauti ya chini, kwani sauti inayochukiza kuliko zote ni ya punda.

Mara tatu katika aya hizo anamwita "ewe mwanangu". Kwetu sisi hiyo ndiyo sababu bora ya kulichagua jina hili, kuliko sababu ya kwamba linasikika vizuri. Ni jina la baba anayezungumza na mtoto wake kwa upole, na kumpa sababu ya kila anachomkataza. Mzazi anayempa mwanawe jina hili anajiwekea na yeye mwenyewe kiwango cha malezi.

Kuhusu yeye alikuwa nani hasa, mapokezi yanatofautiana. Ikrima, mwanafunzi wa Ibn Abbas, ndiye anayenukuliwa akisema alikuwa nabii. Wengi wanasema alikuwa mja mwema mwenye hekima, basi. Kwa hiyo ukisikia "Nabii Lukmani" ujue ni kauli ya wachache. Mapokezi kadhaa yanamtaja kuwa mtu mweusi, Mhabeshi kwa baadhi yao, Mnubi kwa wengine, mtumwa aliyefanya kazi ya useremala. Na kuna kile kisa kinachosimuliwa katika tafsiri: bwana wake alimwambia achinje kondoo alete vipande viwili vilivyo bora, akaleta ulimi na moyo. Siku nyingine akaambiwa alete viwili vilivyo vibaya kuliko vyote, akaleta ulimi na moyo vilevile. Alipoulizwa akajibu kwamba hakuna kilicho bora kuliko hivyo vikiwa vizuri, wala kibaya kuliko hivyo vikiharibika. Mtoto wa miaka sita anakielewa kisa hicho moja kwa moja, na ni vyema akisikie nyumbani kabla hajakisikia kwa wengine.

Tuje kwenye sauti. Kwa Kiarabu jina lina herufi tano: lam, qaf, mim, alif, nun. Kwetu hupitia mabadiliko yaleyale yaliyoyapitia majina yote yaliyotoka huko. Kwanza qaf inakuwa k, kama Yaqub alivyokuwa Yakubu na Qasim akawa Kasimu. Pili, mwishoni panaongezwa irabu, maana neno la Kiswahili halipendi kuishia kwenye konsonanti. Irabu ipi? Hilo halifanyiki ovyo. Konsonanti ya mwisho ikiwa ya midomo, yaani m, b au f, huja u: Salumu, Ibrahimu, Rajabu, Ayubu, Yusufu. Zikiwa nyingine, kwa kawaida huja i: Rashidi, Hamisi, Shabani, Ramadhani. Ndiyo maana tunapata Lukmani. Tatu, k na m zimegusana katikati bila irabu, na wengi wetu tunapachika u pale pasipo kujua: Lukumani.

Mkazo nao unaangukia "ma", silabi ya pili kutoka mwisho, na kwa bahati nzuri ndipo hasa penye sauti ndefu ya Kiarabu. Kwa hiyo jina halijapotoka kwa kutamkwa Kiswahili. Mama anayemwita mwanawe kutoka dirishani wakati wa magharibi atavuta hapohapo, "Lukmaaani!", na sauti itafika mpaka uwanjani. Mtoto mwenyewe akianza kujifunza kujitaja huenda akasema "Lumani" kwa muda, kwa sababu k na m pamoja ni kazi kwa ulimi mdogo. Wala msimsahihishe kwa ukali, itakuja.

Sasa tahajia. Jina hili moja huandikwa Luqman, Luqmaan, Lukman, Lokman, Lukmani, Luqmani na Lukumani. Kwa masikio yetu ni mtu mmoja. Kwa kompyuta ni watu saba, na kompyuta haina ujirani wala huruma: herufi moja ikitofautiana, hakuna kilicholingana.

Tunawashauri muandike LUKMANI, kwa k na kwa i mwishoni. Sababu zetu ni za mkono na za sikio. Tuanze na mkono. Q ndogo ikiandikwa kwa kalamu haraka husomeka g, na kijana anajikuta Lugman. Q kubwa ikikosa kamkia kake husomeka O, na hapo cheti kinatoka na LUOMAN, jina ambalo halipo duniani. K haina ugonjwa huo. Kwa upande wa sikio, ukiandika Lukman bila i, karani wa Dar es Salaam atakusikia ukisema Lukmani, kwa sababu wewe mwenyewe utasema hivyo, na ataandika alichosikia. Kinachotamkwa na kinachoandikwa vikiwa kimoja, karani hana pa kukosea.

Wapo watakaosema qaf ina heshima yake na isiachwe. Tunawaelewa kabisa. Heshima hiyo iko salama katika maandishi ya Kiarabu, madrasa na nyumbani, ambako mtoto atajifunza kuliandika jina lake kwa herufi zake tano na kulitamka sawasawa anaposoma sura. Cheti cha kuzaliwa ni jambo jingine. Ila kama ukoo wenu tayari una babu aliyeandikwa Luqman kwenye hati ya nyumba au ya shamba, fuateni hiyohiyo, kwa sababu mirathi ina taabu za kutosha bila kuongezewa herufi.

Kuna hatari nyingine ya sikio, ya l na r. Mji huu una watu wa kila kabila, na wapo wasiotenganisha sauti hizo mbili. Lukmani anaandikwa Rukmani. Hilo si kosa dogo: Rukmani ni namna mojawapo ya kuandika Rukmini, jina la mwanamke kwa Wahindu, na katika mji wenye Wahindi wengi kama huu yupo atakayelijua hivyo. Mvulana mwenye cheti cha Rukmani ataulizwa maswali yasiyo na sababu kila anapojaza fomu.

Basi ifanyeni kazi hii kwa mpangilio. Mimba ikifika mwezi wa nane, baba na mama mkae, mwamue tahajia, na muandike majina yote matatu kwa herufi kubwa kwenye karatasi: jina la mtoto, la baba, la babu. Nakala moja ikae kwenye mfuko wa mama pamoja na kadi ya kliniki, nyingine kwa baba, ya tatu kwa shangazi au bibi atakayesindikiza. Tunataja shangazi kwa makusudi. Mara nyingi mama yuko wodini amechoka, baba yuko nje ya geti, na anayeulizwa jina ni yule aliyesimama karibu.

Wanaosubiri siku ya saba ili jina litolewe pamoja na akika, mbuzi wawili kwa mtoto wa kiume na nywele kunyolewa, wamwambie muuguzi wazi kwamba jina bado. Msitaje jina la kushikilia. Jina la kushikilia likishaingia kwenye tangazo la kizazi ndilo linalosafiri. Na kwa wenye haraka, kumpa mtoto jina siku ileile ya kuzaliwa nako kuna msingi, kwani Mtume alimpa mwanawe jina la Ibrahimu usiku aliozaliwa. Siku mbili hizo zote zinafaa. Ubaya ni kutaja moja hospitali na nyingine nyumbani.

Karatasi ikishajazwa, msiondoke dirishani kabla ya kusoma herufi kwa herufi, kwa kidole: L, U, K, M, A, N, I. U na n za mkono hufanana sana, na katika jina hili zipo zote mbili. Kosa likionekana hapo, anayeandika huchukua fomu nyingine na mambo yamekwisha. Likionekana miaka kumi baadaye ni safari za ofisi kwa ofisi.

Kisha cheti. Usajili unatakiwa kufanyika ndani ya siku 90 tangu mtoto azaliwe. Ukipita hapo unaingia kwenye usajili uliochelewa, ambao huhitaji viambatisho zaidi vya kuthibitisha mtoto ni nani, na kila kiambatisho ni nafasi mpya ya herufi kuhama. RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi, ina ofisi za usajili wilayani na mfumo wa kuomba kwa mtandao. Ukiomba kwa mtandao wewe ndiye unayechapa, kwa hiyo zima ile huduma ya simu ya kujirekebishia maneno, kwa sababu inaweza kukubadilishia jina wakati umeangalia pembeni.

Wakati wa kumwandikisha darasa la kwanza, mpe mwalimu nakala ya cheti, usimtajie kwa mdomo. Akifika darasa la saba, kabla ya majina kupelekwa kwa ajili ya mtihani, nenda shuleni ukaangalie orodha kwa macho yako. Tunasisitiza hapa kuliko pengine pote. Baraza la Mitihani huandika cheti kwa majina yaliyosajiliwa, na cheti kikishatoka, kusahihisha ni shughuli nzito. Rudia kuangalia kidato cha pili na cha nne. Akitimiza miaka 18 atakwenda NIDA, kwenye vitambulisho vya taifa, na jina litakaloingia pale ndilo litakalosajili laini yake ya simu, kwa hiyo ndilo mtu ataliona akimtumia pesa. Akiomba mkopo wa elimu ya juu, Bodi itataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA. Kijana ambaye cheti kinasema Luqman, cha kidato cha nne Lukumani na NIDA Lukmani atakwama pale, tena wakati wenzake wanaripoti chuoni.

Mengine tutayapitia kwa kifupi. Utani wa mtaani: jina la kufupisha litakuwa Luku, hilo msijidanganye kwamba mtalikwepa. Umeme wakati wote tunanunua kwa LUKU, na watoto watamwambia imeisha, au watamwomba tokeni. Ni utani mwepesi na haudumu ukiachwa upite. Mkitaka kuutangulia, mwanzisheni nyumbani kwa Mani au Lukii kabla hajaanza shule, maana jina la nyumbani likishakomaa huwashinda wa nje.

Kuhusu majina ya pili na ya tatu, angalieni miisho. Lukmani Ramadhani Shabani husikika kama wimbo wa mstari mmoja, na anayesikiliza kwenye foleni hupoteza jina lipi lilitangulia. Lukmani Juma Saidi au Lukmani Hamisi Omari hutengana vizuri. Bila shaka jina la baba halibadiliki kwa ajili ya muziki, lakini kama baba na babu wote wanaishia "ani", huenda mkamwekea mtoto anayefuata Lukmani na huyu mkampa jingine... hapana, hata yeye baba yake ni yuleyule! Basi chagueni kama mnalipenda kweli, mkijua litasikika hivyo.

Na nje ya nchi? Jina linasafiri vizuri. Uturuki huandikwa Lokman, na masimulizi ya huko yanamtaja kama tabibu anayejua kila mmea unatibu nini. Indonesia na Malaysia hupenda kuliunganisha na sifa yake, Lukman Hakim. Waziri wa mambo ya dini wa Indonesia kati ya 2014 na 2019 aliitwa Lukman Hakim Saifuddin. Nigeria lipo, na vijana wa mpira hapa wanamjua Ademola Lookman, aliyefunga mabao yote 3 Atalanta walipowachapa Bayer Leverkusen 3-0 kwenye fainali ya Europa League ya 2024, na mwaka huohuo akawa Mchezaji Bora wa Afrika. Kwake ni jina la ukoo, na tahajia yake ni ya peke yake. Mkimpenda mchezaji, pendeni, lakini msiinakili Lookman kwenye cheti cha mtoto wa Temeke, maana hapa hakuna karani atakayeipatia mara mbili mfululizo.

Waliokwisha kupata tofauti wasikate tamaa. Tandaza vyeti vyote mezani na uanze kuangalia cha kuzaliwa. Kama kosa liko kwenye nyaraka za shule na mtoto hajafanya mtihani wa taifa, mwalimu mkuu anaweza kuanzisha marekebisho kwa kutumia nakala ya cheti cha kuzaliwa. Kama mitihani imepita, tofauti ya herufi huelezwa kwa hati ya kiapo, inayosema kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Lakini kumbuka, kiapo kinaeleza tu, hakibadilishi kilichoandikwa kwenye cheti, na ofisi nyingine haziridhiki nacho. Anayetaka kubadili kabisa atahitaji hati ya kubadili jina iliyotengenezwa na wakili na kusajiliwa, kisha nyaraka nyingine zote zifuate hiyo moja. Msibadili kimoja leo na kingine mwakani.

Waliokuja na nakala za vyeti, tupo meza ya kulia karibu na mlango, tutazipitia moja moja. Waanze wenye watoto wa darasa la saba.